Usingoje Honi: Kutunza Mipango ya Taa za Barabarani kwa Kumbukumbu za Vihisi

Taa ya barabarani ikizimika, mji mzima unajua kabla ya saa moja kupita. Madereva wanapiga honi, askari wa usalama barabarani anatumwa, fundi anafungua kabati. Mpango wa taa ukichakaa, hakuna anayeshtuka. Rangi zinabadilika kwa zamu, hakuna balbu iliyokufa, lakini upande mmoja unapewa kijani kirefu ukiwa hauna magari, na upande wa pili foleni inafika kituo cha mafuta. Wananchi huizoea foleni hiyo na kuihesabu kuwa ndiyo hali ya mji, kumbe mara nyingi ni hesabu ya zamani tu inayoendelea kutumika.

Kila mpango wa taa hukokotolewa kwa magari ya wakati fulani. Baadaye shule inafunguliwa, stendi inahamishwa, nyumba za kupangisha zinaongezeka pembezoni mwa mji, na magari yaliyohesabiwa siku ile hayapo tena. Nchini Uingereza, watafiti Bell na Bretherton walikadiria mwaka 1986 kwamba utendaji wa mpango usioguswa hushuka kwa takribani asilimia 3 kila mwaka. Kwa mwaka mmoja hasara hiyo haionekani. Kwa miaka mitano au sita, inakula sehemu kubwa ya faida yote uliyoipata siku ulipoupanga vizuri.

Dawa ya zamani ilikuwa kutuma watu wakahesabu magari siku moja au mbili, kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kisha kupanga upya. Marekani, yenye makutano zaidi ya 300,000 yanayoongozwa na taa, ilijipima kwa utaratibu huo: ripoti ya kitaifa ya uendeshaji wa taa ilitoa alama D mwaka 2007 na D+ mwaka 2012. Wakati huohuo habari iliyohitajika ilikuwa ikipita kila sekunde. Vihisi vilivyozikwa kwenye lami vilikuwa vikikiambia kidhibiti cha taa kwamba gari limefika; kidhibiti kiliitumia habari hiyo papo hapo na kuiacha ipotee. Idara ya uchukuzi ya jimbo la Indiana na Chuo Kikuu cha Purdue walianza kuihifadhi. Jimbo la Utah likatengeneza programu ya kuisoma, likaitoa programu hiyo bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote.

Kumbukumbu hizo hufanya kazi ya kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wa siku moja hausemi mengi, lakini mstari wa miezi sita humwonyesha muuguzi mtoto aliyeanza kudhoofu kabla mama hajaona. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliye mhandisi wa halmashauri, fundi wa taa, au kijana uliyeajiriwa karibuni TANROADS, TARURA, KURA au wakala mwingine wa barabara, ukakabidhiwa makutano ambayo hakuna anayekumbuka yalipangwa lini.

1. Jua unatunza nini

Mpango wa taa una mambo manne. Mzunguko ni muda tangu upande mmoja upate kijani mpaka uupate tena. Mgao ni sekunde ambazo kila upande unapewa ndani ya mzunguko huo. Mpishano ni tofauti ya sekunde kati ya kijani cha makutano haya na kile cha makutano yanayofuata kwenye barabara hiyohiyo. Ratiba ni saa ambazo mpango wa asubuhi unaupisha ule wa mchana, na wa mchana unaupisha wa jioni.

Kuona jinsi mambo haya yanavyotegemea idadi ya magari, chukua kanuni ya F. V. Webster wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, aliyoichapisha mwaka 1958 na ambayo bado inafundishwa vyuoni. Zidisha sekunde zinazopotea katika mzunguko mmoja kwa 1.5, ongeza 5, kisha gawanya kwa kile kinachobaki ukitoa jumla ya uwiano wa magari kwenye 1. Uwiano huo, kwa kila awamu au zamu ya kijani, hupatikana kwa kugawanya magari ya leni yenye wingi zaidi kwa magari ambayo leni hiyo ingepitisha kama ingekuwa na kijani saa nzima, yaani kama 1,800, gari moja kila sekunde mbili.

Tuchukulie makutano yanayopoteza sekunde 16, na jumla ya uwiano ni 0.70. Mzunguko unaofaa ni kama sekunde 97. Magari yakiongezeka kwa kiasi cha asilimia 7, jumla inafika 0.75 na mzunguko unaofaa unaruka hadi 116. Ikifika 0.80, ni 145. Kadiri makutano yanavyokaribia kujaa, ongezeko dogo la magari linatikisa hesabu nzima. Ndiyo maana makutano yenye shughuli nyingi hayafai kungoja miaka mitano.

2. Hifadhi tukio lenyewe, kisha muhtasari

Kidhibiti cha kisasa kinaweza kuandika kila tukio kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde. Mstari mmoja una vitu vinne: wakati, namba ya makutano, namba ya aina ya tukio, na namba ya kihisi au awamu inayohusika. Orodha ya namba iliyochapishwa Indiana mwaka 2012 inatumiwa na watengenezaji wengi: 1 ni kuanza kwa kijani, 8 ni kuanza kwa njano, 82 ni gari kufika juu ya kihisi, 81 ni gari kuondoka. Kwa mistari hiyo tu unaweza kuijenga upya saa nzima ya makutano ukiwa ofisini.

Zingatia haya:

- Matukio ghafi yakae angalau miezi 13, ili Machi ya mwaka huu uweze kuilinganisha na Machi iliyopita. Muhtasari wa kila dakika 15 uhifadhi daima. Hauchukui nafasi kubwa.
- Saa za vidhibiti vyote zilingane, kwa setilaiti au kwa mtandao. Saa ikiteleza sekunde chache, mpishano wa barabara nzima unaharibika, na kumbukumbu zako nazo zinadanganya.
- Pengo lisiandikwe sifuri. Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, weka alama kwamba hakuna data. Sifuri maana yake hakuna gari lililopita, na wastani wako utaamini hivyo.
- Weka ramani ya vihisi: kila namba iko leni ipi na iko mita ngapi kabla ya mstari wa kusimamia. Fundi aliyeijua kwa kichwa akihama, data zote hugeuka namba tupu.
- Weka daftari la mabadiliko: tarehe, nani, alibadilisha nini, kwa sababu gani. Andika humo pia ujenzi, mvua kubwa, ajali, misafara ya viongozi na saa ambazo askari aliongoza kwa mkono.

Kitanzi cha waya kilichozikwa kwenye lami hakijui namba ya gari wala uso wa dereva, lakini kamera inaweza kujua. Ukitumia kamera, hifadhi hesabu na uache picha zifutike. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Ni rahisi kuzitii ukianza hivyo kuliko kusafisha baadaye.

Kama makutano yako hayana kidhibiti cha namna hii, usikate tamaa. Hesabu za dakika 15 kutoka kwenye vihisi vya kawaida zinatosha kukagua ratiba na kanuni ya Webster. Hata pasipo na kihisi chochote, hesabu ya mkono ya saa mbili kila robo mwaka, ikifanyika siku zilezile za wiki na kuhifadhiwa kwenye jedwali moja, ni mwanzo wa kumbukumbu.

3. Kagua vihisi kabla ya kuviamini

Lami ikikwanguliwa kwa ukarabati, vitanzi hukatwa. Maji huingia kwenye viungo vya waya, kamera hujaa vumbi, na roli likisimama mbele ya jicho la kamera huziba leni ya pili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kumbukumbu ni kukikamata kihisi kinachougua.

Anza na usiku. Kihisi kikiharibika, vidhibiti vingi hujihami kwa kudhani kwamba gari lipo wakati wote, na upande huo hupewa kijani mpaka ukomo wake katika kila mzunguko. Saa kumi na moja jioni huwezi kuliona kosa hilo, maana magari kweli yapo. Saa tisa usiku linajianika. Kidhibiti huandika namba 4 kijani kinapoisha kwa sababu magari yamekatika, na namba 5 kinapoisha kwa kufikia ukomo. Ukiona namba 5 zikifuatana usiku kwenye barabara ndogo, mtume fundi. Programu ya Utah hufanya ukaguzi wa namna hii yenyewe kila usiku, kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri, na asubuhi mhandisi hukuta barua pepe yenye orodha ya makutano yanayotiliwa shaka.

Dalili nyingine ni nyepesi kuzisoma. Kihisi kisicho na gari hata moja saa za kutoka kazini kimekufa. Leni moja inayodai kupitisha magari 3,000 kwa saa ina kihisi kinachocheza. Vihisi viwili vilivyofuatana kwenye leni moja, pasipo mchepuko kati yake, vikitofautiana sana katika hesabu ya siku nzima, kimojawapo kinakosea.

Kwenye barabara zetu kuna jambo la ziada. Vitanzi vilivyorekebishwa kwa ajili ya magari huweza kukosa pikipiki, nazo bodaboda hupenya hadi mbele ya mstari wa kusimamia, nje kabisa ya eneo la kihisi. Simama pale kwa dakika 15, hesabu kwa macho, linganisha na kumbukumbu, kisha andika tofauti kwenye ramani ya vihisi. Bajaji na bodaboda zisizohesabiwa ni watu walionyimwa sekunde zao.

4. Ziulize kumbukumbu maswali manne

*Je, upande huu unaimaliza foleni yake?* Chukua kihisi kilicho kwenye mstari wa kusimamia. Pima ni sehemu gani ya muda wa kijani kilikuwa kimefunikwa na magari, kisha pima hivyohivyo kwa sekunde 5 za kwanza za nyekundu. Kama vyote viwili vinazidi asilimia 80, magari yalikuwa yamebanana kijani kizima na mengine yameachwa: mzunguko huo umeshindwa. Hesabu mizunguko iliyoshindwa kwa kila saa na kila upande. Upande mmoja ukishindwa mara 20 kwa saa huku upande mwingine haushindwi kabisa, umeshajua sekunde zitoke wapi na ziende wapi.

Lakini kabla ya kuhamisha sekunde, tazama idadi ya magari yaliyopita. Kihisi kilichofunikwa muda wote huku magari yanayopita ni machache kinasimulia jambo tofauti: foleni imetoka makutano ya mbele, au daladala zimesimama kupakia mita chache baada ya taa. Kijani zaidi hapo hakisaidii, kwa sababu magari hayana pa kwenda. Tatizo hilo linatibiwa mbele, kwa kurekebisha makutano yanayofuata au kusogeza kituo.

*Je, magari yanafika wakati wa kijani?* Hapa unahitaji kihisi kilicho mita mia moja hivi kabla ya mstari. Tafuta asilimia ya magari yaliyofika kwenye kijani, igawanye kwa asilimia ya mzunguko ambayo ni kijani. Magari 60 kati ya 100 yakikuta kijani wakati kijani ni asilimia 40 ya mzunguko, unapata 1.5: mpishano unafanya kazi. Yakiwa 30 tu, unapata 0.75: ungeacha magari yaje kiholela, yangekuta kijani mara nyingi zaidi. Chuo cha Purdue kilibuni mchoro unaoonyesha jambo hili kwa siku nzima. Saa za siku zinalala chini, sekunde za mzunguko zinapanda juu, na kila gari ni nukta moja. Nukta zikilundikana chini ya mstari wa kuanza kijani, kundi zima linafika mapema na kusimama. Mpishano unahitaji kusogezwa kwa sekunde hizo.

*Je, ratiba inaanza saa inayofaa?* Chora magari ya kila dakika 15 kwa wiki nne, na juu yake weka saa ambazo mipango hubadilika. Mara nyingi utakuta mpango wa asubuhi unaanza saa moja wakati foleni ilianza saa kumi na mbili na nusu, au mpango wa siku za kazi unatumika Jumamosi ya soko. Kurekebisha ratiba hakuna gharama ya vifaa na hakugusi hesabu nyingine. Ndiyo faida ya kwanza unayoweza kuichuma, na inafaa kuangaliwa kwa makini miji inapobadili desturi, kama ilivyotokea baada ya janga la 2020 kuvuruga saa za kwenda kazini duniani kote.

*Je, waendao kwa miguu wanangoja kiasi gani?* Pima muda kati ya kubonyezwa kitufe na kuwaka kwa alama ya kuvuka. Mtu anayeachwa angoje dakika mbili juani huvuka kwenye nyekundu, na mzunguko mrefu uliopangwa kwa ajili ya magari ndio uliomsukuma. Ukiona kitufe kinaomba kuvuka kila mzunguko usiku kucha, kimekwama, nacho kinaiba sekunde za kila mtu.

Kuna shahidi wa tano katika miji yetu. Dar es Salaam na Nairobi, askari huingia katikati ya makutano saa za msongamano na kuongoza kwa mkono. Saa na mahali anapoingia ni ushahidi kwamba mpango umeacha kumsaidia. Mpelekee mkuu wa usalama barabarani wa eneo hilo chati za makutano mawili matatu, msikilize anachokiona kutoka pale chini, kubalianeni mpango mpya ujaribiwe bila mkono kwa wiki mbili. Kumbukumbu hutoa msingi wa mazungumzo hayo, kwa sababu pande zote mbili zinaangalia kitu kimoja.

5. Badilisha jambo moja, kisha pima

Kwa mzunguko wa sekunde 90, makutano hupata mizunguko 40 kwa saa. Ukiuongezea upande mmoja sekunde 5, umeupa sekunde 200 kwa saa, yaani nafasi ya magari kama 100 kwa kila leni. Ni kiasi kikubwa, na kimechukuliwa kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo pima pande zote, pamoja na ule uliopunguziwa.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na uache siku chache madereva wazoee. Kisha linganisha wiki mbili za kabla na wiki mbili za baada, Jumanne kwa Jumanne, Ijumaa kwa Ijumaa. Usilinganishe wiki ya Ramadhani na wiki ya kawaida, likizo na siku za shule, mwisho wa mwezi na katikati yake, wala siku za masika na siku za kiangazi. Ukipata nafuu upande mmoja na madhara makubwa zaidi upande wa pili, rudisha ulipokuwa; daftari lako litakuonyesha thamani za awali.

Kuna sekunde ambazo hazihamishwi kwa sababu ya foleni: za njano, za nyekundu ya pande zote, na za mtu kumaliza kuvuka. Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani wa mwaka 2009 ulikadiria mwendo wa mtembea kwa miguu kuwa mita 1.07 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inamhitaji sekunde 13 na ushei. Karibu na shule au hospitali, mpe zaidi.

6. Iwe kazi ya kila siku

- Kila asubuhi: soma orodha ya vihisi vinavyotiliwa shaka na makutano yasiyotuma data.
- Kila wiki: tazama makutano kumi yenye mizunguko mingi iliyoshindwa.
- Kila mwezi: kagua mpishano wa barabara kuu na ulinganifu wa saa.
- Kila robo mwaka: pitia ratiba, hesabu upya kanuni ya Webster kwa makutano makubwa, nenda uwanjani ukahakiki vihisi kwa macho.
- Kila mwaka: linganisha miezi 12 na iliyotangulia, na uchague barabara za kupangwa upya kwa ushahidi.

Yote haya yanawezekana tu kama data ni zako. Kwa hiyo mwongozo huu unaishia kwenye karatasi za zabuni, mahali ambapo miji mingi hupoteza nafasi. Mji unaponunua vidhibiti au kupokea mradi wa wafadhili, andika ndani ya mkataba kwamba kidhibiti kirekodi matukio kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwamba kumbukumbu zitolewe katika muundo ulio wazi bila ada ya ziada, kwamba ni mali ya mji hata mkandarasi akiondoka, na kwamba watumishi wawili wa mji wafundishwe kuzisoma. Hayo ni masharti manne yasiyojaza hata nusu ukurasa. Yakikosekana, mji unanunua taa zinazowaka na kuachiwa kukisia kama zinamsaidia mama aliye kwenye daladala, mgonjwa aliye kwenye gari la wagonjwa na mwanafunzi anayevuka. Yakiwemo, kila mwaka mpya unakukuta unajua makutano yapi yamedhoofu, na unajua pa kuanzia.